Nani Aliyetaja Mabata Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa penseli mbili, kifutio na kiti kinachoyumba, nikaambiwa peni nisiiguse mpaka miezi mitatu ipite. Aliyeniambia hivyo ni Mzee Ambakisye, Mnyakyusa mwembamba aliyekuwa amechambua barua posta zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuja kwetu, na ambaye hakuamini kitu chochote kilichoandikwa kwa haraka. Jina la mtu, alisema, linaandikwa kwa wino. Mengine yote, umri, kijiji, mahali alipoonekana mara ya mwisho, yanaandikwa kwa penseli, maana vita hubadilisha kila kitu isipokuwa jina, na mara nyingine na jina lenyewe. Mie, Tatu, nilikuwa msichana wa Tandika, nimetoka kumaliza kozi ya ukarani, nimevaa viatu vya visigino kwa heshima ya ofisi. Alivitazama vile viatu, akaguna, akaendelea kuchonga penseli yake.

Ofisi yenyewe, kwa asiyeijua, iko Kinondoni nyuma ya saluni ya kike, vyumba vitatu na stoo ya makabati. Kazi yake ni moja: kutafuta watu waliopotezana vitani. Vita havikuwa vya kwetu, vilikuwa vya majirani, ng'ambo ya ziwa, lakini waliovikimbia waliingia kwetu. Wengi walipelekwa kambini mkoani Kigoma, na wachache walifika mpaka Mbagala na Manzese kwa ndoa, kwa matibabu au kwa biashara yenye kibali. Mtu anakimbia na watoto wanne, anafika na watatu. Kazi yetu ilianzia hapo.

Baba yangu mdogo, seremala wa Keko, alinicheka nilipomweleza kwamba ofisi yetu inafanya kazi kwa mujibu wa sheria ya vita. Watu wanauana, alisema, halafu wewe unaniambia kuna kifungu. Kesho yake nikampelekea Mzee Ambakisye swali lile. Hakubishana. Alitoa kwenye droo kitabu cha Mikataba ya Geneva, amekifunika kwa karatasi ya kalenda kama daftari la shule, akanisomesha mahali panaposema kwamba jamaa waliotawanywa na vita wapewe nafasi ya kupelekeana habari na kutafutana, na kwamba wanaopigana wawasaidie katika hilo. Ni maneno machache, hayajazi nusu ukurasa. Nikamwuliza kama wanaopigana wanayafuata. Akanijibu kwamba hata hapo barabarani taa nyekundu inawaka na kuna wanaopita, lakini hajamsikia mtu akisema taa ing'olewe. Miaka mingi baadaye tulipelekwa semina ya siku mbili kwenye hoteli moja Mbezi Beach, mwanasheria akatueleza jambo lilelile kwa picha za ukutani. Alieleza vizuri, na sambusa zilikuwa nzuri pia.

Miezi ile ya mwanzo nilikuwa nikisoma barua za familia. Barua ya familia ni karatasi moja isiyo na bahasha, na kila mtu inayempitia anaweza kuisoma, askari wa kizuizini akiwemo. Kwa sababu hiyo inaruhusiwa kupita. Ndani yake unaandika habari za nyumbani tu: nani amezaliwa, nani amefariki, nani anaumwa, tunaishi wapi. Ukitaja majeshi, hata kwa fumbo, unamweka hatarini aliyeibeba na anayeipokea. Kijana mmoja alimwandikia mama yake salamu mistari miwili, halafu ukurasa mzima akawasema makamanda. Nilimrudishia mara nne. Mara ya tano, kwa hasira, akaandika kwamba siku hizi ana ndevu na kwamba amejifunza kupika ugali usio na mabonge. Mzee Ambakisye akaisoma akasema, sasa hii ni barua.

Baadaye nikatolewa nje, na visigino vikaishia hapo. Nilinunua raba Kariakoo. Kazi ya kwanza ilikuwa kumtafuta bwana mmoja Mbagala, anatafutwa na dada yake, nina jina lake la sehemu tatu limeandikwa kwa wino. Nilienda kwa mjumbe, nikaenda serikali ya mtaa, nikauliza dukani, kinyozini, msikitini na kanisani, siku nne, hakuna anayemjua. Kila mchana nilikuwa nakula kwa mama ntilie mmoja, benchi moja na fundi viatu mchangamfu anayeitwa Baba Devi. Siku ya nne akaniuliza ninatafuta nini kwenye jua lote hili. Nikamtajia jina. Akaacha kutafuna. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba, aliniambia, kusikia mtu akilitamka jina lake lote. Nilirudi ofisini nikapendekeza kwenye kadi zetu uongezwe mstari mmoja: mtaani anaitwaje. Mzee Ambakisye alikubali bila kuguna, na mie kwa mstari ule nilitamba mwaka mzima.

Sasa niwaeleze, nyie mnaonipokea kazi, habari ya bahasha, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Kwenye kesi ya mtoto, Mzee alikuwa na utaratibu wake. Mzazi akija kueleza habari za mtoto aliyempoteza, unaandika yote kwenye kadi isipokuwa kitu kimoja. Kitu hicho kimoja, ambacho mtu wa nje hawezi kukijua, unakiandika kwenye kipande cha karatasi, unakitia kwenye bahasha, unaigundisha na kutia saini juu ya mkunjo. Mtoto akipatikana, anakwenda kumhoji mfanyakazi mwingine, siyo yule aliyeandika kadi, ili asiwe na majibu kichwani. Na huyo anayehoji hatakiwi kutaja kitu. Anasema, niambie habari za nyumbani kwenu, halafu ananyamaza. Bahasha inafunguliwa mwisho.

Mama Mapendo alikuja ofisini Jumanne moja asubuhi, amevaa kitenge kipya, amekaa wima kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Alikuwa ameolewa na fundi cherehani wa Kigoma na walikuwa wanaishi Mbagala Kizuiani. Vita vilipofika kijijini kwao mume wake wa kwanza aliuawa, yeye akakimbilia ziwani na binti yake wa miaka sita. Kulikuwa na mitumbwi miwili na watu wengi kupita kiasi. Alimpandisha mtoto kwenye wa kwanza pamoja na bibi mmoja jirani, yeye akaambiwa asubiri wa pili. Mtumbwi wa pili ulitia nanga kwingine kabisa. Miaka sita ilikuwa imepita tangu siku hiyo. Mtaani Kizuiani wote walimwita kwa jina la mtoto yule, maana alipofika na kuulizwa yeye ni mama nani, alijibu kweli. Majirani walidhani Mapendo yuko bara anasoma, na hakuwahi kuwasahihisha.

Alieleza kwa saa mbili. Nyumba yao ilikuwa na mlango wa bluu. Jirani alifuga mabata, na Mapendo aliyaogopa mpaka alikuwa hapiti uani bila kushikwa mkono. Alipofika hapo alilia, na mie nikalia, jambo ambalo Mzee alikuwa amenikataza. Niliandika kila kitu kwenye kadi, mbele na nyuma. Nilimwuliza kuhusu kovu au alama ya mwili, kama fomu inavyotaka, akasema hana. Bahasha nikasema nitaitengeneza kesho, na kesho yenyewe ikapotelea kwenye kazi nyingine.

Zaidi ya mwaka ulipita. Halafu ikaja taarifa kutoka kambini Kigoma: kuna msichana, umri kama miaka kumi na tatu, alivushwa ziwa akiwa mdogo, bibi aliyekuwa akimlea amefariki. Jina lake Mapendo. Jina la mama yake hajui, anajua anaitwa Mama Mapendo. Jamani, niliposoma hapo nilisimama nikakaa, nikasimama tena. Mstari wangu wa jina la mtaani ulikuwa umezaa matunda. Sikujiuliza jambo dogo ambalo mtoto yeyote wa Temeke angeniuliza: mama wa kila Mapendo duniani anaitwa nani?

Mzee Ambakisye alikuwa msibani kwao Rungwe, likizo ya mwezi mzima. Mwenzetu mwingine alikuwa mjamzito, treni ya Kigoma haimfai. Basi nikaenda mwenyewe, mie niliyeandika kadi, na majibu yote kichwani.

Kambini walituweka barazani mie na yule mtoto, viti viwili na meza. Alikuwa msichana mwembamba mwenye adabu, alinipa shikamoo akakaa amefumbata mikono. Nikasema niambie habari za nyumbani kwenu. Akanyamaza. Utaratibu unasema na wewe unyamaze, na mie nilinyamaza, Mungu shahidi yangu, mpaka chai iliyoletwa ikapoa. Kimya cha mtoto kinauma, nyie mtakaokutana nacho mtaniambia. Nikamwonea huruma. Nikamwuliza kwa sauti ya upole kwamba jirani yenu alikuwa na mabata, sivyo? Akanitazama usoni, akasema ndiyo. Nikamwuliza ulikuwa ukiyaogopa? Ndiyo. Na mlango wenu ulikuwa wa bluu? Wa bluu, akasema. Niliandika kwamba mtoto anakumbuka mabata ya jirani, aliyaogopa, anakumbuka mlango wa bluu. Na niliandika kwa wino.

Vibali vilichukua wiki mbili. Siku tuliyomfikisha Kizuiani ulipikwa pilau la mtaa mzima, vigelegele vilisikika mpaka barabara kubwa, yule fundi cherehani alikuwa ameshona magauni mawili kwa kukisia na yote yakamkaa. Mama Mapendo alimkumbatia mtoto akawa hamwachii. Nilicheza mpaka raba ikafunguka soli. Kesho yake nikaifunga kadi, nikaipeleka kwenye kabati la waliopatikana, nikawa najisikia mtu kwelikweli.

Mzee Ambakisye alirudi Jumatatu, akaomba faili kabla hajavua koti. Alilisoma mara mbili. Akaniita, akaniuliza bahasha iko wapi. Nikasema hakuna. Akaniuliza nani alikwenda kuhoji. Nikasema mie. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliweka kadi ya mama na ripoti yangu ya mtoto kandokando, akapitisha kidole mstari kwa mstari, maneno ya huku na maneno ya kule yalikuwa yaleyale.

"Tatu," akasema, "nani aliyetaja mabata kwanza?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikajaribu kujitetea. Nikasema hata hivyo wanafurahi, mtoto amepata mama, mama amepata mtoto, sasa tatizo liko wapi? Akavua miwani.

"Kama si wake, basi kuna mama mwingine mahali fulani anamtafuta huyu. Akija kesho kuuliza, sisi tutamwambia hakuna mtoto kama huyo, kadi imefungwa. Na wa Mama Mapendo naye hatatafutwa tena na mtu yeyote. Umewazika watoto wawili kwa kadi moja."

Aliniambia niende Kizuiani nikaseme ukweli, na niende mwenyewe. Nilichukua wiki tatu. Siyo kwamba sikwenda, nilikwenda kila Ijumaa, nikala mihogo ya nazi, nikatazama daftari la shule la mtoto, nikarudi Tandika sijasema kitu. Nilijitia hamnazo. Nilikuwa namtazama Mama Mapendo anavyomrekebisha mtoto kola ya sare, nasema leo hapana, siwezi. Mzee alikuwa akiniuliza kila Jumatatu umekwenda? Nikamjibu nimekwenda, na lilikuwa jibu la kweli, na sote wawili tulijua lina thamani gani.

Ijumaa ya nne nikapiga moyo konde. Nilimkuta anaosha vyombo uani, mtoto anasuuza. Nikamwomba tuzungumze pembeni, akasema sema hapahapa. Nikasema. Nilieleza bahasha, nikaeleza jinsi nilivyouliza, nikasema huenda huyu si Mapendo wako, na kosa ni langu si la mtoto. Alikuwa ameshika sufuria. Aliendelea kuisugua mpaka nilipomaliza.

"Najua," akasema. "Tangu nilipomwogesha siku ya kwanza."

Kwenye ukoo wao kuna kitu ambacho kila mtoto huzaliwa nacho. Yeye anacho, mama yake alikuwa nacho, binti yake anacho. Na kwa kuwa nyumba nzima wanacho, hakuna anayekiita alama, ndiyo maana nilipomwuliza kwa kufuata fomu alisema hana. Kitu chenyewe sikitaji hapa, na wala msinipigie simu kuniuliza. Msichana huyu hakuwa nacho. Mama Mapendo alikiangalia mahali pake mara mbili, tatu, na hakikuwepo. Akasema atasema kesho. Lakini mtoto usiku ule alilala ameshika ncha ya khanga yake, kesho yake vilevile, na kesho ikasogea.

Mtoto aliacha kusuuza. Akasema, huku anatazama beseni, kwamba kwao hakukuwa na mabata. Hakuwahi kumwona bata mpaka alipofika kambini. Nikamwuliza kwa nini basi alisema ndiyo. Akajibu kwamba niliuliza kwa upole sana, akaona akisema hapana nitasikitika, halafu nitaondoka.

Basi tulikuwa watu watatu uani pale, kila mmoja anajua, kila mmoja amemfichia mwenzake kwa wiki nne kwa kumwonea huruma. Nililia kuliko wote. Mama Mapendo hakulia. Alikausha mikono, akamwambia mtoto hakuna anayekufukuza, kaa hapa, halafu akanigeukia akasema nitoe makaratasi. Nikamwuliza makaratasi yapi. Akasema ya huyu kwanza. Naye ana kwao.

Niliyatoa kwenye mkoba. Afisa ustawi wa jamii aliandika kwamba mtoto atakaa kwa Mama Mapendo kama mlezi mpaka jamaa zake wapatikane, jambo ambalo sheria inaliruhusu na busara inalitaka. Kumhoji alikuja Mzee Ambakisye mwenyewe. Aliletewa kiti, akanunua karanga, akasema niambie habari za nyumbani kwenu, akanyamaza. Alinyamaza kwa namna aliyojifunza posta, ya mtu ambaye hana anapokwenda. Karanga ziliisha. Halafu mtoto akaanza, kidogokidogo, kwamba baba yake alikuwa fundi wa baiskeli, mikono yake ilinuka grisi. Kwamba jioni akirudi hakuwa anabisha hodi. Alikuwa anapiga mluzi, mluzi wake mwenyewe, na kazi ya kwenda kumfungulia ilikuwa ya Mapendo, na mtu mwingine akimtangulia alikuwa analia. Mzee hakuandika mluzi ule kwenye kadi. Alimwomba mtoto aupige, akamrekodi kwenye simu ya ofisi, na simu ikafungiwa kwenye bahasha kubwa kwa saini. Kwa muda tukakaa bila simu ya ofisi, na uongozi ukalalamika.

Baba alipatikana mwaka uliofuata. Alikuwa amerudi ng'ambo ya ziwa, anatengeneza baiskeli mjini, na alikuwa ameandikisha jina la binti yake kwa wenzetu wa huko, nao walikuwa na kadi yake miaka yote. Fikirini hapo. Kama kadi yangu ingebaki imefungwa, ile ya mtoto na ile ya baba yake zisingekutana kamwe. Tulipanga kumpigia simu, Mzee akamhoji kwa spika, sie wengine tumenyamaza, Mama Mapendo amekaa kando ya mtoto. Mtoto alikuwa amekatazwa kusema chochote, na baba hakuambiwa kwamba yupo. Mzee akamwuliza, ukirudi nyumbani jioni ulikuwa unafanya nini? Tukadhani mtandao umekatika. Halafu ukaja mluzi.

Mtoto aliinuka, akaenda kufungua mlango wa ofisi. Nje kulikuwa na korido tupu na ndoo ya usafi. Alisimama pale ameshika kitasa, na hakuna aliyemwita arudi. Mzee Ambakisye alitoa leso akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Sikuwahi kumpenda mtu wa kazini kama nilivyompenda siku ile.

Siku ya kuondoka Mama Mapendo alitaka kumwandikia yule baba barua ya familia. Yeye alitamka, mie nikaandika: habari za nyumbani tu, kama inavyotakiwa. Kwamba mtoto hali bamia, asilazimishwe. Kwamba radi zikipiga anajidai haogopi. Kwamba hesabu anaziweza ila hajiamini. Kwamba ameanza kuwa mkubwa, atafutiwe mwanamke wa kuzungumza naye. Karatasi moja haikutosha, nikavunja utaratibu nikampa ya pili, na Mzee aliona akaangalia dirishani. Mwisho alitaka nimsomee yote. Alisikiliza, akasema sawa, akatia dole gumba.

Alipotoka kumsindikiza mtoto kwenye gari alirudi ofisini, akakaa kwenye kile kiti kinachoyumba, akasema sasa wa kwangu. Tukaandika kadi upya, safari hii aliyeandika ni Mzee. Kile cha kwenye ukoo wao kiliingia kwenye bahasha, na bahasha ikagundishwa mbele ya macho yake. Yule baba wa ng'ambo alitujibu baada ya miezi miwili. Alisema mtoto hali bamia kweli. Alisema pia kwamba kila mji anaokwenda kutafuta vipuri anauliza kama kuna binti anayeitwa Mapendo aliyevuka ziwa akiwa mdogo, na kwamba hataacha kuuliza. Ameendelea kutuandikia hivyo kila mwaka.

Mzee Ambakisye alistaafu akahamia Kinyerezi, ana migomba na kuku, na nikienda kumjulia hali ananiuliza habari za kadi ile kabla ya habari za watoto wangu. Mie nilibaki nayo. Kesi nyingine nilizifunga, nyingi kwa furaha, baadhi kwa msiba, na msiba uliothibitishwa nao ni haki ya familia, msije mkauogopa. Ile haikufungika.

Nyie mnajua utaratibu wa kila mwaka: kesi isiyo na majibu, unampigia anayetafuta unamwuliza, tuendelee au tufunge? Wengine hufika mahali wakasema fungeni, nipumzike, na hakuna wa kuwalaumu. Wiki yangu ya mwisho kazini nilimpigia Mama Mapendo. Bado yuko Kizuiani, mumewe macho yamepungua nguvu, siku hizi yeye ndiye anayetunga uzi kwenye sindano. Mapendo wake, popote alipo, ni mwanamke mzima sasa. Nilimwambia ninastaafu, ninahamia Madale, faili lake ninamkabidhi Hepi, binti wa Kichaga mwenye mwandiko mzuri aliyeanza kazi mwezi uliopita. Nikamwuliza kama ilivyo kawaida, tuendelee au tufunge?

Alikaa kimya, na safari hii nilijua kunyamaza.

"Endeleeni," akasema. Halafu akauliza, "Huyo Hepi, akimkuta mwanangu, ataweza kuvumilia asimtajie mabata?"

Nikamjibu kwamba bado hawezi, hakuna anayeweza mwanzoni, ila haya yote nitamwandikia.